Kioo kikiunganishwa, bodi haiwaki: kisa cha kuongeza skrini ya inchi 7 kwenye BeagleBone Green

Kisa hiki kinahusu kidhibiti cha kikaushio cha mahindi kilichokuwa kikifanya kazi bila skrini, na yaliyoikuta timu iliyotaka kukiwekea moja. Majina ya watu, mji na mteja yameondolewa. Namba za pini, vipimo na ujumbe wa kerneli vimeachwa vilevile, maana bila hivyo hakuna la kujifunza.

## Usuli

Kidhibiti kilijengwa juu ya BeagleBone Green, kompyuta ndogo ya bodi moja: prosesa AM3358 ya Texas Instruments, RAM ya MB 512, eMMC (hifadhi ya ndani) ya GB 4, na Debian, mfumo wa Linux, yenye kerneli (kiini cha mfumo) 5.10. Kazi yake ilikuwa kusoma vihisi vya joto na unyevu kupitia laini ya RS-485 (mawasiliano ya waya), kuwasha na kuzima kipulizio, na kutunza rekodi. Opereta alikuwa na taa mbili tu, ya kijani na nyekundu. Akitaka kujua kama mahindi yameshuka hadi asilimia 13.5 ya unyevu, kiwango cha juu kinachokubalika katika viwango vya Afrika Mashariki, ilibidi amsubiri mwenye kompyuta ya mkononi aje achomeke kebo ya konsoli, njia ya kusoma ujumbe wa bodi.

BeagleBone Green ni ndugu wa BeagleBone Black aliyeondolewa HDMI. Chipu ya TDA19988, inayogeuza ishara za prosesa kuwa HDMI, haipo. Lakini kidhibiti cha skrini chenyewe, LCDC, kimo ndani ya AM3358 kama kawaida, na nyaya zake zimetolewa kwenye P8, moja ya safu mbili za pini za bodi (nyingine ni P9), pini ya 27 hadi ya 46: nyaya 16 za rangi, saa ya pikseli, HSYNC (ishara ya mstari mpya), VSYNC (ishara ya picha mpya), na LCD_AC_BIAS_EN ambayo kwa vioo vya aina hii ndiyo DE, ishara kwamba rangi zilizopo ni za kuonyeshwa.

Timu ilipima njia tatu. Kioo kidogo cha SPI, kinachopokea picha biti moja baada ya nyingine, kilikataliwa kwa hesabu: picha moja ya 800×480 yenye biti 16 kwa pikseli ni biti 6,144,000, na kwa SPI ya MHz 24 hiyo ni picha kama nne kwa sekunde, bila kuhesabu muda unaopotea katikati. Kurudi kwenye BeagleBone Black na kutumia HDMI kulikataliwa kwa sababu ya mtetemo. Soketi ya micro HDMI karibu na feni ya kikaushio hulegea. Ikabaki kioo cha RGB sambamba (biti zote za rangi huja kwa pamoja) cha inchi 7, 800×480, chenye utepe wa pini 50. Ni kioo cha kawaida kabisa, kinachopatikana kwa wauza vipuri kwa majina mengi, na kinahitaji umeme wa namna tano: 3.3 V ya mantiki, karibu 10.4 V ya AVDD, 16 V ya VGH, −7 V ya VGL (hizo tatu ni za kuendesha pikseli), na taa ya nyuma ya karibu 9.9 V.

## Mezani: picha ndani ya siku moja

Jaribio la kwanza lilifanywa kwa waya za jampa za sm 20 na bodi ndogo ya kutengeneza volti za kioo, iliyolishwa na pawasaplai yake pembeni. Kumbuka hilo la pawasaplai ya pembeni. Ndilo lililoficha tatizo kubwa kwa wiki kadhaa.

Kabla ya picha, kerneli ilitoa lalamiko:

`pinctrl-single 44e10800.pinmux: pin PIN48 already requested by 481aa000.serial; cannot claim for 4830e000.lcdc`

PIN48 ni LCD_DATA8, pini P8.37. Anayeishikilia, 481aa000, ni UART5, mmoja wa milango ya mawasiliano ya mfululizo ya prosesa. RS-485 ya vihisi ilikuwa imefungwa hapohapo, P8.37 na P8.38. LCDC na UART5 haviwezi kukaa pamoja, kwa hiyo RS-485 ikahamishwa UART4, P9.11 na P9.13. Ni kazi ya dakika kumi kwenye meza, lakini vidhibiti vilivyokwisha kufungwa kwa wateja vilihitaji kebo mpya, na gharama hiyo haikuwa kwenye bajeti. Pia ilibidi mstari wa `enable_uboot_cape_universal=1` ndani ya `/boot/uEnv.txt` uzimwe kwa alama ya `#`, la sivyo nodi zake (mafungu ya maelezo ya vifaa) hushika kila pini ya P8 kabla ya mwingine yeyote.

Picha ikatokea, ikiwa na kasoro mbili.

Ya kwanza: vidoti vilivyometameta kando ya herufi, hasa palipokuwa na nyeupe juu ya nyeusi. Waya za jampa zilishutumiwa, na ni haki, kwani zilichangia. Zilipofupishwa vidoti vilipungua lakini havikuisha. Saa ilipoteremshwa hadi MHz 27 vilipungua tena, bado havikuisha. Kiini kilikuwa mstari mmoja, `invert-pxl-clk`, ulionakiliwa pamoja na faili la mti wa vifaa (maelezo ya vifaa yanayosomwa na kerneli) la kioo kingine. Kioo hiki husoma rangi saa ya pikseli inaposhuka, na LCDC kwa kawaida yake hubadilisha rangi saa inapopanda, yaani nusu mzunguko kabla, nafasi ya kutosha. Ukigeuza saa, rangi zinabadilika wakati uleule kioo kinaposoma, na kila pikseli inakuwa bahati nasibu. Mtu wa programu alikuwa amebadilisha `pixelclk-active` kwenye vipimo vya muda mara kadhaa bila kuona tofauti. Kwa nodi ya `ti,tilcdc,panel` (tilcdc ni draiva ya LCDC) kinachosikilizwa ni `invert-pxl-clk` iliyo chini ya `panel-info`.

Ya pili: nyekundu na bluu zilibadilishana, lakini si kila mahali. Konsoli ya Linux ilikuwa sawa. Programu ya majaribio ilionyesha nembo ya chungwa ikiwa samawati. Hii ni dosari inayojulikana ya AM335x: mpangilio wa nyekundu na bluu kwenye nyaya za LCD katika biti 24 ni kinyume cha ule wa biti 16. Waya zikifungwa kwa biti 16, picha za biti 16 zitakuwa sawa na za biti 24 zitageuka. Uthibitisho ni amri mbili za `modetest`, programu ya kujaribu skrini, zikitumia namba za konekta na CRTC (kitengo cha kutoa picha) ambazo `modetest -M tilcdc` huonyesha:

`modetest -M tilcdc -s 32@31:800x480@RG16`
`modetest -M tilcdc -s 32@31:800x480@XR24`

Ya kwanza, ya biti 16, rangi zake zilikaa sawa, ya pili, ya biti 24, ziligeuka. Hakuna waya wa kuhamisha hapo. Kuna sifa ya `blue-and-red-wiring` kwenye nodi ya LCDC. Ukiandika `"straight"`, draiva haitangazi tena mpangilio wa rangi wa XRGB8888, hutangaza RGB565, BGR888 na XBGR8888 tu, na programu inayoomba kisichowezekana hukataliwa waziwazi badala ya kupewa rangi za uongo.

Faili la mwisho, sehemu iliyohusu kioo, lilikuwa hivi:

```
&lcdc {
    status = "okay";
    blue-and-red-wiring = "straight";
};

panel {
    compatible = "ti,tilcdc,panel";
    backlight = <&taa>;
    enable-gpios = <&gpio1 17 GPIO_ACTIVE_HIGH>;
    panel-info {
        ac-bias = <255>;
        ac-bias-intrpt = <0>;
        dma-burst-sz = <16>;
        bpp = <16>;
        fdd = <0x80>;
        sync-edge = <0>;
        sync-ctrl = <1>;
        raster-order = <0>;
        fifo-th = <0>;
    };
    display-timings {
        native-mode = <&t0>;
        t0: 800x480 {
            clock-frequency = <33300000>;
            hactive = <800>;
            hfront-porch = <210>;
            hsync-len = <20>;
            hback-porch = <26>;
            vactive = <480>;
            vfront-porch = <22>;
            vsync-len = <10>;
            vback-porch = <13>;
            hsync-active = <0>;
            vsync-active = <0>;
        };
    };
};
```

Tazama 26 na 13. Karatasi ya kioo iliandika 46 na 23, na ndivyo walivyoandika mwanzoni. Ila kwenye karatasi hiyo namba ya nyuma inahesabiwa tangu HSYNC inapoanza, upana wa HSYNC ukiwa ndani yake. Linux huihesabu tangu HSYNC inapokwisha. Ukiandika 46 unahesabu 20 mara mbili: mstari unakuwa na hatua 1,076 badala ya 1,056, picha inakuwa na mistari 535 badala ya 525, na kioo kinaonyesha picha 57.8 kwa sekunde badala ya 60. Kwa kuwa pini ya MODE ilikuwa imefungwa juu, kioo kikifuata DE, picha haikusogea hata kidogo, na kosa lingeweza kukaa hapo miaka.

## Ndani ya kasha: kimya

Bodi ya kuunganishia ikachorwa, ikatengenezwa, ikalehemiwa. Sasa kioo kilikula 3.3 V ya BeagleBone yenyewe, hakuna tena pawasaplai ya pembeni. Taa ya umeme ikawaka, basi. Konsoli kimya. Taa nne za bluu hazikupepesa.

Siku tatu za kwanza zilitumika kutafuta kosa mahali pasipokuwa nalo. eMMC iliandikwa upya mara mbili. Adapta ya 5 V ya 2 A ilibadilishwa kwa ya 3 A. Faili la mti wa vifaa lilipitiwa mstari kwa mstari, ingawa hakuna mstari wake hata mmoja unaosomwa kabla ya U-Boot (programu inayoanzisha kerneli), na U-Boot yenyewe haikuwa imefika. Fikra ilikuwa "tumeongeza skrini, skrini ni draiva, basi kosa ni draiva."

Dalili tatu zilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, hakuna aliyeziweka pamoja:

Utepe wa kioo ukichomolewa, bodi inawaka. Ukirudishwa bodi ikiwa tayari imewaka, picha inaonekana vizuri, na amri ya `reboot` inafanya kazi mara kumi mfululizo. (Kuchomeka utepe kukiwa na umeme si jambo la kuiga, VGH na VGL zinaweza kuua kioo.)

Mara mojamoja, badala ya kimya, konsoli ilijaza `CCCCCCCC`. Hiyo si takataka. Ni ROM ya prosesa, programu ya kwanza iliyomo ndani yake, ikiomba programu kupitia UART0, kwa kuwa haikuona pengine pa kuwakia, au iliambiwa isipatazame.

Na bodi yenye kioo kimoja kati ya vitatu vya mfano iliwaka kila mara ilipowekwa kadi ya SD yenye mfumo ndani yake, lakini haikuwaka kutoka eMMC.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyofungua mlango. Mtu wa saketi aliwasha kwa kadi kisha akasoma rejista ya hali ya prosesa:

`busybox devmem 0x44e10040`

Ikatoka `0x00400338`. Bodi ileile bila kioo ilitoa `0x0040033C`. Tofauti ni biti moja, namba 2 ukihesabu kutoka sifuri. Ni thamani ileile inayopatikana ukishikilia kitufe cha S2 wakati wa kuwasha, kitufe kinachoiambia ROM iruke eMMC na kutafuta kadi ya SD. Hakuna aliyeshika kitufe. Kioo ndicho kilichokishika.

## Kwa nini

Nyaya za LCD_DATA0 hadi LCD_DATA15 zina kazi mbili. Baada ya kuwaka, hubeba rangi. Sekunde ile umeme unapoingia, kabla programu yoyote haijaanza, prosesa huzisoma kama SYSBOOT: hizo biti 16 ndizo zinazoiambia ROM itafute wapi mfumo wa kuwasha, kwa mpangilio gani, na kristali ya saa ni ya MHz ngapi. Kwenye BeagleBone thamani hiyo huwekwa na rezista za kΩ 100, zinazovuta nyaya za 2, 3, 4, 5 na 14 kwenda juu na zilizobaki kwenda chini. Usomaji huu hufanyika kwenye kuwasha kwa umeme tu. `reboot` haigusi, ndiyo maana `reboot` ilifaulu kila mara.

Rezista ya kΩ 100 kutoka 3.3 V haiwezi kutoa zaidi ya µA 33. Kila pini ya kioo ina diodi ya kinga inayoelekea kwenye umeme wa mantiki wa kioo. Umeme huo ukiwa bado 0 V, diodi hufunguka, na waya unaotakiwa kuwa 3.3 V unabaki kwenye 0.6 au 0.7 V. Prosesa inasoma sifuri. Osiloskopu ilipowekwa kwenye P8.43, yaani LCD_DATA2, na kichocheo kikawekwa kwenye P9.10 ambako kuna SYS_RESETn, picha ilikuwa wazi: waya ulikaa chini hadi baada ya usomaji, kisha ukapanda polepole kioo kilipojaa umeme.

Na mezani? Pawasaplai ya pembeni ilikuwa ikiwashwa kwanza. Kioo kilikuwa na 3.3 V tayari, diodi zimefungwa, rezista za kΩ 100 zikifanya kazi yake bila kusumbuliwa.

Kioo kimoja kilivuta waya namba 2 tu kwa sababu ya jinsi nyaya zilivyogawanywa. Kioo kina pini 8 kwa kila rangi, prosesa inatoa 5 za bluu. Pini tatu za chini za bluu zilirudiwa kutoka zile za juu, ili nyeupe iwe nyeupe kamili na si 248 kati ya 255; huo ni utaratibu mzuri. Lakini unafanya LCD_DATA2, 3 na 4 kubeba pini mbili za kioo kila mmoja. Kwa kioo hicho, uliozidiwa ukawa wa 2. Kwa vingine viwili zilizama zote, pamoja na wa 14, na hapo ROM inaamini kristali ni MHz 19.2 badala ya 24. Kila saa ndani ya prosesa inakosewa, na usitarajie konsoli kusema lolote linalosomeka.

## Maamuzi, na yaliyokataliwa

Rezista kali zaidi. Wazo la kwanza lilikuwa kuongeza kΩ 10 kwenye nyaya tano zinazotakiwa kuwa juu. Lilifanya kazi kwenye meza na kushindwa mara chache asubuhi. Hata kama lingefaulu lina ubaya mwingine: umeme unaingia kwenye kioo kupitia diodi za kinga kabla ya umeme wake halisi, na utaratibu wa kuwasha kioo (mantiki kwanza, VGL kabla ya VGH, kisha ishara, taa ya nyuma mwisho) unavurugika. Likaachwa.

Bafa. Uamuzi ukawa kuweka bafa (chipu za kupitisha ishara, zinazoweza kufungwa) mbili za biti 16 kati ya P8 na kioo. Nyaya 20 zote zilipitishwa humo, pamoja na saa na DE, ili zicheleweshwe sawasawa. Nanosekunde nne si nyingi kwenye mzunguko wa nanosekunde 30, lakini kuchelewesha rangi na kuiacha saa ni kutafuta ugomvi. Rezista za Ω 33 ziliwekwa upande wa prosesa.

Hapa kuna kona iliyowala wiki moja. Duka lilikuwa na 74LVCH16244A, na mchoro ulisema 74LVC16244A. Miguu ileile, bei ileile, herufi moja zaidi. H hiyo maana yake ni kwamba kila ingizo lina saketi ndogo ya kushikilia hali ya mwisho liliyoiona, kwa nguvu ya µA 75 au zaidi. Rezista ya kΩ 100 ina µA 33. Bafa ikiamka na kuona waya uko chini, itaushikilia chini, na rezista haitaushinda. Tatizo lilirudi kwa sura nyingine: mara bodi inawaka, mara haiwaki, bila kioo hata kuunganishwa. Zilipobadilishwa kwa LVC isiyo na H, `0x0040033C` ikatoka kila mara.

Nani anafungua bafa. Pini ya OE ya bafa, inayofungua na kufunga matokeo yake, ilivutwa juu kwa kΩ 10, yaani imefungwa, na MOSFET (swichi ya kielektroniki) ya 2N7002 ikawekwa kuivuta chini. Geti la MOSFET hiyo na swichi ya umeme wa kioo vyote vinaongozwa na GPIO1_17 (GPIO ni pini inayoongozwa na programu), pini P9.23, yenye rezista ya nje ya kΩ 10 ya kuivuta chini ili isitegemee hali ya pini wakati wa kuwasha. Kuna waliopendelea kutumia SYS_RESETn moja kwa moja. Hilo lingelinda SYSBOOT, lakini lingefungua bafa kwenye kioo kisicho na umeme. Kwa GPIO, draiva ya tilcdc huwasha kioo na kufungua bafa kwa pamoja kupitia `enable-gpios`.

Taa ya nyuma. 9.9 V kwa mA 180 ni karibu W 1.8; kwa kigeuzi chenye ufanisi wa asilimia 85 hiyo ni A 0.42 kutoka 5 V. Mchoro wa kwanza uliichukua SYS_5V, P9.7 na P9.8, ambazo kila moja ni ya mA 250. Ikahamishiwa moja kwa moja kwenye ingizo la 5 V, na bodi yenyewe ikalishwa kupitia P9.5 na P9.6 badala ya USB. Mwangaza unaongozwa na PWM (kuwasha na kuzima harakaharaka) ya P9.14.

Biti 16. Timu iliamua kubaki na biti 16 na kuandika kiolesura kwa LVGL, maktaba ya kuchora violesura, juu ya `/dev/fb0`, `LV_COLOR_DEPTH` ikiwa 16. Biti 24 zingehitaji nyaya nane zaidi zilizo kwenye P8.11 hadi P8.19, na nyaya za nyekundu na bluu kukingamana. Kwa skrini ya namba na grafu ya joto, hakuna opereta atakayeona tofauti.

## Matokeo

Bodi tatu za mfano ziliwashwa kwa kukata na kurudisha umeme kupitia relei, usiku kucha, na kila mara rejista ilirekodiwa kwenye faili. Thamani ilikuwa moja. Vidoti havikurudi. UART4 ilichukua vihisi bila shida.

Jambo moja lilijitokeza baadaye, wakati wa kuandika rekodi nyingi kwenye eMMC: picha iliruka pembeni kwa muda mfupi na kerneli ikaandika `tilcdc 4830e000.lcdc: ... FIFO underflow`. Si upungufu wa kasi ya RAM. Skrini hii inahitaji MB 46 tu kwa sekunde, na DDR3 ya bodi hii inaweza kufikia MB 1,600 kinadharia. Ni foleni: ombi la LCDC lilisubiri nyuma ya maombi marefu ya wengine. Lilitulizwa ndani ya U-Boot kwa kupunguza REG_PR_OLD_COUNT ya EMIF (kidhibiti cha RAM), namba inayoamua ombi lililosubiri lipewe kipaumbele baada ya muda gani.

Mwako mweupe wa sekunde moja wakati wa kuwasha, taa ya nyuma ikitangulia picha ya kwanza, uliondolewa kwa kuweka `default-brightness-level` kuwa 0 na kuiachia programu ipandishe mwangaza ikishachora.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni kutenganisha kasoro kwa jaribio dogo linalojibu swali moja. Amri mbili za `modetest` zilimaliza suala la rangi ndani ya dakika tano, wakati kubadilisha waya za R na B mmojammoja kungechukua siku, na kungeharibu konsoli iliyokuwa nzima.

Kilichoshindwa zaidi ni meza ya majaribio. Ilikuwa rahisi kuliko kasha kwa jambo moja tu, mpangilio wa umeme, na hilo moja ndilo lililokuwa muhimu. Pawasaplai ya pembeni ni sawa kwa kuona picha ya kwanza, lakini kabla bodi haijapelekwa kutengenezwa, kioo kilipaswa kulishwa kutoka 3.3 V ya bodi na kuwashwa kwa kukata umeme, si kwa `reboot`. Jaribio hilo lingechukua nusu saa na lingeokoa toleo zima la bodi ya kuunganishia, kwani toleo la kwanza halikuwa na nafasi ya bafa na lilitupwa lote.

Kuandika eMMC upya mara mbili lilikuwa kosa la aina nyingine. Bodi isiyotoa hata herufi moja kwenye konsoli haijafika kwenye eMMC, achilia mbali kwenye draiva. Ngazi za kuwaka zinafuatana: SYSBOOT, ROM, SPL (kipande cha kwanza cha U-Boot), U-Boot, kerneli, draiva. SPL ya bodi hii huandika mstari wake wa kwanza mapema. Usipouona, simama kwenye ngazi mbili za kwanza na uchukue multimita. Ukiona `CCCC`, umeshaambiwa ROM iko hai na imetazama pasipo sahihi.

Kuhusu LVCH, timu iliilaumu bahati ya duka. Kosa lilikuwa kwenye orodha ya vipuri, iliyosema "bafa ya 16244, 3.3 V, TSSOP-48" bila kutaja kwamba ingizo lisiwe na kishikilizi. Aliyenunua alinunua alichoandikiwa. Orodha mpya ina mstari wa ziada: namba kamili ya chipu, na neno "bila H" kwa herufi kubwa.

Kwa bodi nyingine zinazotumia AM335x hali ni ileile, ziwe na HDMI au zisiwe nayo, kwa kuwa SYSBOOT ni ya prosesa. Kwenye BeagleBone Black kuna la ziada: TDA19988 iko kwenye nyaya hizohizo, na kabla ya kuziunganisha na kioo cha nje lazima `disable_uboot_overlay_video=1` iwekwe kwenye `uEnv.txt`. Prosesa za familia nyingine nazo nyingi husoma pini fulani za kuwashia kwa njia hii, kwa namba na nyaya tofauti. Kwenye mwongozo wa prosesa, tafuta jedwali la pini za kuwasha kabla ya kufungua sura ya skrini.